Eti Mbudha wa Burma hawezi kuandika wosia??

NyarKondele: Wadau habari zenu, niko na asaimenti ya sheria na nimekwama. Nimesoma mahali eti Myanmar, ile Burma ya zamani, Mbudha haruhusiwi kuacha wosia, mali inagawanywa vile vitabu vya kale vinasema. Sasa kitabu cha dini kinafikaje kotini, ama ni kama Kadhi wetu hapa Kisumu?

Wakili_Bondeni: Ya wosia ni kweli dada. Vitabu vyenyewe vinaitwa dhammathat, lakini usidhani ni maneno ya Budha mwenyewe (buda wa mtaani ni mwingine 😂). Hekaya yao inasema kulikuwa na mchunga ng'ombe, Manu, akafanywa hakimu, siku moja akaletewa kesi ya tango, mmea umeota kwa huyu ukazaa kwa jirani, akakosea hukumu, ikamuuma, akaenda kutafakari mpaka akaiona sheria imeandikwa kwenye ukuta unaozunguka ulimwengu. Kwa hivyo mfalme hakuwa mtunzi wa hiyo sheria, amri zake zilikuwa kando. Manugye, ile dhammathat inatajwa sana, ni ya enzi za mfalme Alaungpaya, miaka ya 1750 hivi.

Omwana_wa_Kakamega: Ongeza hii: Mwingereza alimaliza kuteka nchi 1885, na sheria ya 1898 ikasema ndoa, urithi na mambo ya dini ya Wabudha yaamuliwe kwa sheria ya Kibudha. Kinwun Mingyi, waziri wa mfalme aliyepinduliwa, akakusanya dhammathat 36 pamoja. Hapo ndipo vitabu vilivyokuwa vya kumshauri hakimu vikageuka kuwa vifungu vya sheria. Ni kama Cotran, yule mwanasheria, alivyoandika kitabuni mila zetu za Kenya 1968, mzee wa ukoo alikuwa anaangalia hali ya mjane ndio aamue, sasa wakili anafungua ukurasa tu.

NyarKondele: Aaah sasa nimepata. Na kifungua mimba anapata zaidi kama kwetu?

Wakili_Bondeni: Anaitwa orasa, awe kijana ama msichana, mradi anaweza kushika nafasi ya mzazi. Akifiwa na mzazi mmoja anaweza kudai robo ya mali hata kama yule mwingine bado yuko hai. Na mume na mke wakiachana kwa kukubaliana, mali waliyochuma pamoja ni nusu kwa nusu, hiyo iko ndani ya vitabu tangu zamani, hawakungoja bunge.

Mkulima_Njoro: Bila wosia?? Kwetu wosia upo na bado tuko kotini mwaka wa saba, shamba ni ekari mbili.