Naombeni ushauri: vitamutamu vya chokoleti bila oveni, sukari iwe kidogo

MamaPacha
Habari zenu wanajamvi. Nina pacha wa miaka sita na chokoleti kwao ni kila kitu. Sina oveni, nina jiko na friji tu. Nimeamua kuwatengenezea mwenyewe ili nipunguze sukari, lakini nimejaribu mara tatu na zote nimeharibu.

Mara ya kwanza niliyeyusha chokoleti nyeusi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Ilikuwa inang'aa vizuri, ghafla ikakunjamana ikawa kama udongo, mwiko ukasimama wima katikati. Mara ya pili nikasaga tende na kakao nifinyange vidonge, vikanata mikononi kama gundi. Mara ya tatu nikafanya krimu ya parachichi. Pacha mmoja akaonja, akaniangalia, akasema, "Mama, ina majani." Iliniuma, maana nilisimama jikoni saa nzima.

Nakosea wapi? Na je, nikiweka asali au tende badala ya sukari, kweli inakuwa bora kiafya?

JikoLaShangazi
Pole mwanangu. Hiyo ya kwanza iliharibiwa na maji.

Chokoleti ni chembe za kakao na sukari zilizozama kwenye mafuta ya kakao. Likiingia tone la maji, sukari inalowa, chembe zinashikana, inakuwa madonge. Wala si lazima umwagikiwe: mvuke wa sufuria au mwiko ambao haukukauka vizuri unatosha. Safari ijayo chemsha maji, zima moto, ndipo uweke bakuli juu, na kitako chake kisiguse maji. Joto linalobaki linatosha kabisa, mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili wako.

Na iliyoganda usiitupe. Ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga. Tone linaiharibu, vijiko kadhaa vinaiokoa, kwa sababu sasa maji yanatosha kuyeyusha sukari yote na chembe zinaachiana. Utapata mchuzi laini wa kumwagia matunda.

Sasa nikupe ninayoipenda kuliko zote. Mkemia wa Kifaransa, Hervé This, alionyesha kwamba krimu ya chokoleti inatengenezeka kwa chokoleti na maji tu, bila yai, bila maziwa, bila kuongeza sukari. Chukua chokoleti ya asilimia 70, gramu 265, na maji mililita 240. Yeyusha pamoja kwa moto mdogo hadi iwe laini. Weka bakuli ndani ya bakuli kubwa lenye barafu na maji, halafu piga kwa waya wa kupigia mayai. Mwanzoni ni majimaji kabisa na utadhani nimekudanganya. Endelea. Itaanza kuwa nzito, rangi itafifia kidogo, na mistari ya waya itabaki juu bila kufutika. Acha hapo hapo! Ukizidisha inakuwa chengachenga. Ikikutokea, irudishe kwenye moto iyeyuke, anza upya, hakuna kilichopotea.

Wape mchana, si karibu na kulala. Kakao ina kafeini.

Kakao_Chungu
Hayo "majani" aliyosema mtoto ni parachichi ambalo halijaiva. Bonyeza karibu na kikonyo, libonyee bila kutumia nguvu.

Kosa la pili ambalo wengi tunalifanya ni kumwaga unga wa kakao mkavu ndani ya blenda. Ladha yake inabaki ya vumbi. Koroga vijiko vinne vikubwa vya kakao na maji ya moto hadi iwe kama uji mzito, iache ipoe, ndipo usage na parachichi moja kubwa, vanila, asali kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi inapunguza uchungu, kwa hiyo hata utamu utahitaji mdogo. Onja ikiwa imeshapoa kwenye friji, maana kitu cha baridi utamu wake unapungua mdomoni.

Angalia pia pakiti yako. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kama cha kwanza ni sukari, hiyo si kakao, ni kinywaji cha chokoleti.

Mpishi_wa_Usiku
Vidonge vya tende: kama tende ni laini usiziloweke kabisa. Zikiwa kavu, dakika 10 kwenye maji ya moto, kisha zikamue. Weka na karanga au lozi za kusaga, kipimo sawa na tende. Friji nusu saa, paka viganja mafuta kidogo, ndipo ufinyange.

Mtaalamu_wa_Lishe
Nijibu swali la asali, maana wengi wanapotea hapo. Asali ni sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu pamoja na sukari ya mezani, na unashauri jumla iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ya pili ni gramu 25 hivi, kama vijiko sita vya chai. Kwa mtoto ni chini ya hapo.

Tende nzima haihesabiwi humo na ina nyuzinyuzi, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Vidonge viwili sawa, sahani nzima hapana. Ile krimu ya Shangazi ukiigawa vikombe kumi vidogo, kila kimoja kina sukari gramu nane hivi. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo.

Mgeni_Jamvini
Samahani kuingilia. Mama yangu ana kisukari, anaweza kula hivyo vya tende kwa kuwa havina sukari?

Mtaalamu_wa_Lishe
Ndugu, usimwambie havina sukari. Tende zinapandisha sukari ya damu. Aulize kwanza kliniki anakotibiwa, wampangie kiasi.

MamaPacha
Wanajamvi, asanteni sana. Jana nilipiga ile ya maji. Mara ya kwanza nilizidisha ikawa chengachenga, moyo ukashtuka, nikairudisha motoni kama Shangazi alivyosema. Mara ya pili ikasimama! Nimejaza vikombe vya kahawa kumi, juu vipande vya ndizi. Yule wa majani alimaliza chake, akapitisha kidole ndani ya kikombe hadi kikawa cheupe.

Parachichi bado gumu, nimelifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Jumamosi nitaleta majibu.