Mafundi na madalali wa Tabora, zebaki nyekundu mliyoitafuta ndani ya redio ya marehemu baba iko wapi?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hapa mezani kwangu, juu ya karatasi ya gazeti, ziko valvu tano za redio, vile vifaa vya kukuzia mawimbi vya enzi za kabla ya transista, zilizokatwa katikati kwa msumeno wa chuma. Ni zile zenye ganda la chuma jeusi, fupi na nene kama kidole gumba cha mkulima, na ndani yake mna vile vitu ambavyo mtu yeyote anayezijua valvu angewatajia wakataji kabla hawajashika msumeno: vibati vyembamba, waya mwembamba kama uzi wa kushonea, na vipande vya ulanga. Hakuna tone la zebaki, iwe nyeupe au ile nyekundu ya uvumi, inayosemekana kuwa na thamani kubwa na kufichwa ndani ya vitu vya zamani. Fundi aliyezikata alinirudishia zikiwa zimefungwa kwenye gazeti hilohilo, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, hizi hazikuwa nayo, labda zile nyingine."

Labda zile nyingine! Yaani nimwachie akate na tisa zilizobaki.

Niwaeleze ilivyokuwa. Marehemu baba alikuwa mpiga telegrafu wa reli katika stesheni ya Tabora, na mwaka 1964 alinunua mnadani redio moja kubwa ya chuma ambayo ililetwa nyumbani kwetu Gongoni kwa mkokoteni, kwa kuwa uzito wake unakaribia kilo 45 na hakuna mtu mmoja aliyeweza kuibeba. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, na kwa sababu hiyo tuliigusa kila alipokwenda zamu ya usiku. Nobu yake ya kutafutia stesheni ina gurudumu zito nyuma yake, hivyo ukiisukuma kwa kidole kimoja na kuiachia, inaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda bila kelele yoyote. Baba aliitumia kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na mlio wa herufi za telegrafu ambao yeye aliusoma kama sisi tunavyosoma gazeti. Cha ajabu, Radio Tanzania aliisikiliza kwenye redio nyingine ndogo ya betri iliyokaa dirishani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kwa nini mwenye redio kubwa kiasi hicho ahitaji ndogo.

Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Katika orodha ya mali niliandika "redio kubwa ya zamani ya chuma, moja". Tuko watoto watano, na tulikubaliana iuzwe, fedha igawanywe. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja wa kwanza, akaipiga teke la kuipima, akasema shilingi 800 kwa kilo. Ni shilingi 36,000 kwa kitu ambacho baba alikifuta vumbi kila Jumapili kwa zaidi ya miaka 50. Nilimwonyesha geti.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliichomeka kwenye umeme moja kwa moja, jambo ambalo kwa chombo kilicholala miaka mingi ni hatari, maana kapasita zilizozeeka zinaweza kupitisha umeme ovyo na kuiunguza transfoma. Kwa bahati haikuungua. Akazungusha nobu mwanzo hadi mwisho, akatangaza kwamba redio ni mbovu kwa sababu haishiki FM. Kisha akatafuta masafa ya kati, nayo akayakosa, akasema "imekufa kabisa hii" na kudai shilingi 10,000 za kuja. Fundi huyo hakusoma hata namba zilizoandikwa mbele ya macho yake kwenye kioo cha redio.

Mimi nilizisoma. Nilipiga picha kioo, nobu na upande wa juu baada ya kufunua kifuniko, nikazituma kwa mpenzi mmoja wa redio za zamani aliyeko Arusha, ambaye hakuniuliza habari ya zebaki wala madini, aliniuliza maswali mawili tu: redio ina valvu ngapi, na je, kioo kinaruka kutoka kilohezi 550 hadi karibu megahezi 1.5? Valvu zilikuwa 14, na kioo kinaruka hapohapo hasa. Akanijibu kwamba hiyo ni RCA AR88LF, ya familia ya redio za mawasiliano zilizobuniwa Marekani na kutengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambazo Waingereza walizitumia kwa wingi kunasa mawasiliano. Kuna ndugu yake iitwayo AR88D ambayo inashika masafa ya kati bila pengo, lakini hii ya LF imejengewa masafa marefu, kuanzia kilohezi 73 hivi, ikiwamo ile kilohezi 500 ambayo meli zilikuwa zikipigia wito wa kuomba msaada, kisha inaruka karibu masafa ya kati yote na kuendelea na masafa mafupi hadi megahezi 30.5. Haikufa. Haikuumbwa kushika masafa ya kati, na FM ndiyo kabisa isingeweza kuishika. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu hatimaye nilielewa ile redio ndogo ya dirishani: ilishika masafa ya kati ambayo kubwa haikuyashika.

Mtu huyo wa Arusha alisema atatoa shilingi 1,200,000 ikiwa valvu zote 14 zipo, kibati cha jina la kiwanda kipo na hakuna aliyechokonoa ndani. Aliomba jambo moja, kwamba iwashwe tena kwa uangalifu, umeme ukipitia kwanza kwenye balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo, ili kama kuna hitilafu balbu iwake kwa nguvu na redio isalimike. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Niliipeleka kwa fundi wa pili, mwenye banda lake mjini na sifa zake, nikamwachia kwa kazi hiyo moja.

Alifanya kama alivyoelekezwa, na redio iliwaka. Kwa nyuma kuna valvu moja ya kioo, VR150, ambayo kazi yake ni kuushikilia umeme wa sehemu fulani za redio ubaki volti 150 bila kupanda na kushuka. Ndani yake mna gesi, na ikifanya kazi hutoa mwanga wa zambarau. Ni kawaida yake. Fundi alipouona mwanga ule alizima redio, akafunga mlango wa banda, na kumpigia simu dalali.

Nilipofika jioni niliwakuta watu wanne. Dalali alinisalimia "shikamoo mzee wangu" ingawa nywele zake ni nyeupe kuliko zangu, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Alikuwa na punje ya kitunguu saumu iliyofungwa kwenye uzi, kipande cha kioo cha kujitazamia na simu mbili. Akaniambia kwamba zebaki nyekundu hukisukuma kitunguu saumu, huivuta dhahabu, na haionekani kwenye kioo. Dada yangu aliombwa pete yake ya ndoa, akaitoa kwa shingo upande. Kitunguu kikaning'inizwa juu ya valvu, kikayumba, wote wakanong'ona "umeona?". Mimi nilichokiona ni feni ya mezani iliyokuwa ikivuma hatua moja kutoka pale. Kisha simu ikawekwa ndani ya redio, kifuniko kikafungwa, akapiga kwa ile ya pili, haikupatikana. "Mtandao umekatwa na nguvu yake," akasema. Ndugu zangu, mliosoma bweni mnalikumbuka tranka la bati. Weka simu ndani ya sanduku la chuma zito mara kadhaa kuliko tranka, funga kifuniko, halafu ushangae kwamba mtandao unasuasua.

Alitaja shilingi milioni 80. Nitakuwa mkweli: nilipiga hesabu kichwani, nikapata milioni 16 kwa kila mtoto, na kwa usiku mmoja akili yangu iliondoka. Nilitoa shilingi 150,000 ya kile walichokiita ada ya uchunguzi. Siwezi kuwaambia wenzangu wanne kwamba sikuhusika.

Asubuhi ya tatu nilirudi nikakuta redio iko uchi juu ya benchi. Valvu zile tano zilizokatwa ni za aina moja, 6SG7, na ndizo zote za aina hiyo zilizokuwamo ndani ya redio, maana yake wameng'oa njia yote ya kukuzia mawimbi na kuacha gofu. Valvu ya mwanga wa zambarau imevunjwa kioo. Kibati cha jina la kiwanda na namba ya mashine kimefunguliwa skrubu, na nilipouliza niliambiwa kimepelekwa kwa "tajiri" Dar es Salaam ili ahakikishe. Tajiri huyo hana jina, hana simu, na ada haikurudi.

Sasa niseme nilichojifunza kwa gharama hiyo, maana mafundi wetu hawakisemi. Valvu ya redio inafanya kazi kwa sababu ndani yake hewa imenyonywa. Ule weusi unaong'aa kama kioo mnaouona ndani ya kichwa cha valvu za kioo si zebaki, ni ukoko wa bariamu uliowekwa ili unyonye mabaki ya hewa, na valvu ikipata ufa ukoko huo unageuka mweupe kama maziwa. Ndiyo njia rahisi ya kujua valvu iliyokufa bila kifaa chochote. Zile valvu nyekundu za Philips za miaka ya 1930 na 1940, ambazo nadhani ndizo zimewatia watu wengi wazimu, zimepakwa rangi kwa nje. Ikwangue kwa ukucha uione. Zipo kweli valvu kubwa za mitambo ya kurushia matangazo zilizotiwa zebaki, lakini ni zebaki ya kawaida, nyeupe kama fedha, na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo anayeipasua chumbani mwake anajidhuru mwenyewe. Mwaka 2009 Saudi Arabia nzima ilichizika kwa uvumi huuhuu, watu wakinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kutisha na kuzipima kwa simu kama nilivyopimiwa mimi. Hakuna aliyepata kitu.

Tena valvu za ganda la chuma zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1935 na wakati wa vita zilitengenezwa kwa wingi mno. Kama ndani yake mngekuwa na mali ya milioni 80, wenye viwanda wangezikata wao.

Nilipodai kurudishiwa fedha, dalali alibadilika. "Shikamoo" iliisha. Akasema redio hii ni mtambo wa kijeshi, kwamba ninamiliki redio koli bila leseni na akinitaja kwa mamlaka ya mawasiliano nitafungwa. Huu ni uongo wa kumtisha mtu asiyejua. Redio hii inapokea tu. Haina kipaza sauti cha kusemea, haina pa kukichomeka, wala haina sehemu yoyote ya kurushia.

NYONGEZA: Nimesoma maoni yenu ya tangu asubuhi. Wanaoniuliza kama nitaitupa sasa, hapana. Mtu wa Arusha bado anaitaka, lakini ameshusha bei hadi shilingi 500,000, na simlaumu, kwa sababu valvu zitapatikana kwa kuagiza nje ila kibati cha asili hakipatikani. Tofauti ya 700,000, pamoja na 150,000 ya ada, nimeiandika kwenye daftari la mirathi kama hasara, na nimewaambia wenzangu itoke kwenye fungu langu. Dada amekataa, anasema pete yake nayo ilishiriki.

Wanaosema nitaje majina, sitataja hapa. Fundi anajijua, na Jumatatu tutaonana naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja. Kama uko Dar es Salaam, hasa kwenye maduka ya vifaa vikuukuu, na ukaletewa kibati cha redio chenye jina la RCA, usikinunue, nitumie ujumbe. Utakitambua kwa mkwaruzo wa msumari kwenye kona ya chini kulia, ambako mdogo wangu alianza kuchonga herufi ya kwanza ya jina lake mwaka 1974, baba akamkuta kabla hajaimaliza.