Sinagogi ya kale ya Toledo: je, Kanisa liwarudishie Wayahudi?

Mwaka 2017 viongozi wa jumuiya za Kiyahudi nchini Hispania waliliomba Kanisa Katoliki liwakabidhi, japo kwa ishara, jengo la Santa María la Blanca mjini Toledo, ambalo lilijengwa kuwa sinagogi mnamo karne ya 12 na hadi leo limo mikononi mwa jimbo kuu la mji huo. Wanaolipinga ombi hilo husema kwamba limechelewa mno na kwamba halina manufaa kwa yeyote. Mimi naliona kuwa ni ombi la haki.

Mgeni anayeingia humo hupokewa na weupe wa chokaa: nguzo za pembe nane zimepangwa safu kwa safu, zikibeba matao yenye umbo la kwato ya farasi, na juu ya kila nguzo mafundi wamefinyanga kwa plasta matunda ya msonobari na mapambo yaliyosokotana. Ni ufundi wa mtindo wa Kiislamu, uliofanywa kwa ajili ya Wayahudi, katika ufalme wa Wakristo. Ukiyafuata matao hayo hadi mwisho, unakutana na altare ya karne ya 16, na jina la jengo zima ni la Bikira Maria.

Hoja inayorudiwa mara nyingi ni ya muda: kwamba jengo limekuwa chini ya Wakristo kwa karne nyingi kuliko lilivyokuwa chini ya Wayahudi. Hesabu ni sahihi, lakini inaruka jambo zito. Sinagogi hiyo ilichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 15, wakati wa mahubiri ya Vicente Ferrer, padre Mdominiko aliyezunguka akiwahimiza Wayahudi wabatizwe, baada ya mauaji ya Wayahudi ya mwaka 1391 yaliyoiangamiza sehemu kubwa ya jamii hiyo, ilhali amri ya kuwafukuza Wayahudi ilitolewa tarehe 31 Machi 1492. Maana yake ni kwamba kwa takribani miaka 80 walikuwapo Wayahudi mjini Toledo ambao walipita mbele ya nyumba yao ya sala bila ruhusa ya kusali ndani. Kanisa halikuliokota gofu lililotelekezwa. Lilipewa mali ya watu waliokuwa hai na waliokuwa wakiihitaji. Tena baadaye jengo hilo liligeuzwa hata kambi ya askari, kwa hiyo dai la kwamba limekuwa mahali patakatifu pa Wakristo bila kukatika halisimami.

Wapo wanaohofia kwamba likirudishwa hili, kesho utadaiwa msikiti mkuu wa zamani wa Córdoba, uliogeuzwa kanisa. Hofu hiyo naielewa, ila mambo hayo mawili hayafanani, kwa kuwa Córdoba ni kanisa kuu ambamo misa inaadhimishwa kila siku na waumini wapo, wakati Santa María la Blanca ni mahali pa watalii wanaolipa kiingilio.

Isitoshe, mfano upo hapo hapo mtaani. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo iko sinagogi ya El Tránsito, iliyojengwa katikati ya karne ya 14 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa Mfalme Pedro wa Kwanza, ambaye baadaye mfalme huyo huyo alimtia gerezani, akafia humo. Nayo iligeuzwa kanisa, lakini leo ni mali ya dola na ni makumbusho ya Wayahudi wa Hispania, na maandishi ya Kiebrania yaliyozunguka kuta zake yanaelezwa kwa mgeni kama maneno ya waliojenga. Sijasikia kwamba imani ya Mkatoliki yeyote wa Toledo imepungua kwa sababu hiyo.

Mwaka 2015 Bunge la Hispania lilipitisha sheria iliyowaruhusu wazao wa waliofukuzwa kuomba uraia. Mzao wa familia ya Toledo aliweza basi kupata pasi ya Hispania, akarudi mjini kwa mababu zake, na mlangoni pa sinagogi yao akalilipa Kanisa ili aingie. Wanaopinga nawaomba watujibu hili: ikiwa hakuna parokia inayohitaji jengo hilo kwa ibada, Kanisa litapoteza nini likilikabidhi, zaidi ya fedha za kiingilio?