Mgonjwa wa Kihispania dukani: niseme medicina, medicamento au droga?

Muuza dawa, Paje

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nauza katika duka la dawa hapa Paje. Juzi aliingia mama mmoja wa Kihispania mwenye homa na maumivu ya koo, nami, kwa Kihispania nilichojifunza kwenye simu, nikamwambia kuwa nina "droga" nzuri na kwamba atatakiwa "beber" mara tatu kwa siku. Alikuwa ameshatoa pesa. Akazirudisha mkobani, akanitazama kwa hofu na kutoka. Jambo hili limeniuma, kwa kuwa aliondoka na homa yake. Sisi neno letu ni moja tu, dawa, na ndani yake mna kidonge, dawa ya meno na hata dawa ya mbu. Je, wenzetu wanayagawa vipi maneno yao?

Tabibu, Wete

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mimi nilisomeshwa na madaktari wa Kikuba, na neno nililolizoea kwao ni medicamento, ambalo ni dawa yoyote ya tiba na halimtishi mtu wa nchi yoyote. Medicina nayo inaeleweka, ingawa ni jina la fani ya udaktari pia. Droga, kwa Mhispania, ni dawa za kulevya, na ndiyo maana mama yule akaogopa. Huko Colombia watu huita droga hata dawa za kawaida, na duka la dawa huliita droguería. Lakini ukifika Madrid, droguería ni duka la sabuni na vitu vya usafi. Kwa hiyo liache kabisa.

Ama beber, hilo ni kosa letu sisi Waswahili, kwa sababu tunasema kunywa dawa hata ikiwa ni kidonge kikavu. Mhispania hunywa maji kwa beber. Dawa, iwe ya maji au ya kumeza, huitumia kwa tomar. Kidonge kiite pastilla, hata kama boksi limeandikwa comprimido, na ujiepushe na píldora, ambayo wengi wakiisikia hufikiria kidonge cha kuzuia mimba. Dawa ya maji ya kikohozi ni jarabe, neno lililotokana na Kiarabu sharab, lenye udugu na sharubati yetu. Tangu nilipoujua udugu huo, neno hilo halijanitoka.

Mtembeza wageni, Nungwi

Naomba niongeze mambo ambayo mimi nayaona ni ya hatari zaidi kuliko jina la dawa. Mhispania akikwambia "estoy constipado" ana mafua, hakufunga choo, kwa hiyo usimpe dawa ya kulainisha choo. Pili, maboksi yetu mengi yana maandishi ya Kiingereza, na neno once, ambalo kwa Kiingereza ni mara moja, kwa Kihispania herufi zizo hizo ni 11; usimwachie mgonjwa asome peke yake. Tatu ni saa: ukiwaza saa mbili asubuhi ukasema "a las dos", umemtajia saa nane. Saa mbili yetu ni "las ocho".

Muuza dawa, Paje

Nakushukuruni sana. Naomba kuuliza la mwisho: katika bahasha tunaandika 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku. Je, "tres veces al día" (mara tatu kwa siku) inatosha?

Tabibu, Wete

Kwa dawa ya maumivu inatosha. Kwa antibiotiki andika "cada ocho horas", yaani kila baada ya saa nane, kwa sababu mtu aliyeambiwa mara tatu kwa siku anaweza kuzimaliza zote tatu kabla ya magharibi, kisha akakaa usiku kucha bila ya dawa. Ikiwa ni baada ya kula, ongeza "después de comer". Kabla ya kula chochote ni "en ayunas". Na saa zenyewe ziandike kwa tarakimu, kwa mfano 6:00, 14:00 na 22:00, halafu mwombe akusomee bahasha kabla hajatoka.