Mke wangu ni Mthai, mtoto tumpatie vipi pasi ya kwao?

Baba Zuberi: Wakuu habari za leo. Mimi Mtanzania nipo Arusha, mke ni Mthai, tulijuana enzi napeleka tanzanite Bangkok, tuna ndoa halali na kijana wa miaka 8 kazaliwa hapahapa ana cheti cha kuzaliwa cha RITA. Sasa bibi yake kule Chanthaburi anaumwa anamtaka mjukuu, mke naye anataka dogo asome kule miaka miwili mitatu, nikasema basi awe na pasi ya kwao tusije kuhesabiana siku za viza. Jana usiku tumetandaza makaratasi mezani hatujui tuanze na lipi. Na Utanzania wake je? Hilo ndo linaninyima usingizi.

Mama Wawili BKK: Pole na mgonjwa kaka. Dogo ni Mthai tayari, kwa sheria yao mama akiwa Mthai mtoto ni Mthai popote alipozaliwa, mnaenda kumwandikisha tu. Cheti kigongwe muhuri Mambo ya Nje kisha ubalozi wao Nairobi, ndo unahudumia na Tanzania, wamtolee cheti cha Kithai. Kule Thailand mama aende ofisi ya wilaya amwingize kwenye tabien baan, kile kitabu cha bluu cha nyumba, bila hicho huna kitu. Kitambulisho wanapewa kuanzia miaka 7. Na kagueni jina herufi kwa herufi! Kithai hakina Z, wangu Zawadi alirudi Sawadi, nimehangaika miezi.

Mnyalu: Uraia pacha kwetu mwisho miaka 18, hapo lazima achague. Thailand wao kuukana ni ndani ya mwaka mmoja baada ya kutimiza 20, yaani tarehe hazikutani kabisa, tafuta wakili mapema mkuu usisubiri.

Kijana wa Likoni: Huku Kenya katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, ikatumalizia hiyo shida. Lakini dogo ni mvulana, akifika 21 kule Thailand kuna jeshi, Aprili wanavuta karatasi za bahati nasibu, nyekundu unaenda nyeusi unarudi nyumbani.

Baba Zuberi: La jeshi sikulijua asanteni sana. Mke kasema kaka yake alivuta nyeusi mama yao akalia palepale uwanjani. Jumatatu tunapanda basi la Nairobi, na hiyo Z nitaisimamia mwenyewe dirishani.