Michoro ya mashambani Wiltshire: bila droni inafaa?

Mama Zuu: Wakuu, nipo Reading, Uingereza. Julai nataka kwenda jimbo la Wiltshire kupiga picha ile michoro ya duara kwenye mashamba ya ngano. Nina kamera tu. Nikiwa chini nitaona kitu?

Mzee wa Lenzi: Dada, ukisimama ndani unaona mabua yaliyolala, yamepangana kama ukili. Na hayo yapige kwa karibu, ni mazuri mno! Umbo zima utalipata ukiwa juu. Panda kilima cha Milk Hill, karibu na kijiji cha Alton Barnes. Hapo ndipo ulipotokea ule mchoro mkubwa wa Agosti 2001, wenye miduara 409. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini vivuli vinaionyesha mistari vizuri. Mchana picha inakuwa bapa.

Kibibi: Ruhusa ya mwenye shamba kwanza, tafadhali. Ngano ile ni riziki ya mtu. Pita kwenye njia za matairi ya trekta, usikanyage kwingine.

Mama Zuu: Nimeelewa. Ni watu kweli wanaochora?

Mzee wa Lenzi: Ni watu. Waingereza wawili, Doug Bower na Dave Chorley, walijitokeza 1991 wakakiri kuichora, wakaonyesha ubao na kamba walizolazia mabua. Mimi ndiyo maana naiheshimu hii kazi. Ila wahi, mavuno yakianza hukuti kitu.