Mjadala: Ukifuta bahashishi ya wahudumu wa meli ya kitalii, unamkomoa nani?

Wadau, hoja imerudi tena: abiria wa meli ya kitalii aende mapokezi akaifute ile bahashishi inayokatwa kila siku kwenye akaunti yake, kwa sababu kumlipa mfanyakazi ni kazi ya kampuni. Sababu naikubali. Hatua yenyewe naipinga.

Nimetandika vyumba melini kwa mikataba miwili. Siku ngumu kuliko zote ni ya kubadilisha abiria. Asubuhi hawa wanateremka, mchana wale wanapanda, na hapo katikati una vyumba kumi na tano vya kumaliza: shuka, taulo, choo, nywele kwenye tundu la bafu, godoro unaliinua kwa goti kwa kuwa mikono imekwisha. Jioni unarudi kufunga mapazia na kumwamkia kila mgeni kwa jina, majina uliyoyakariri mchana huohuo. Kisha unashuka chini kabisa, chumba hakina dirisha, vitanda ni vya kupandana, mwenzako kashavuta pazia lake kwa sababu zamu yake inatangulia yako.

Kwa wengi wetu bahashishi haikuwa nyongeza. Ilikuwa sehemu kubwa ya kipato chenyewe. Ukiifuta, anayeumia kwanza ni yule anayesubiriwa nyumbani na ada ya shule.

Ila na wewe unayesema "nimeshalipa, nimeshashukuru", hapo hatuko pamoja. Someni mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006 na kuanza kutumika 2013. Nchi inachagua njia moja kati ya mbili: kuweka kikomo cha kazi, saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, au kuweka kiwango cha chini cha mapumziko, saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Hiyo ya pili ipigieni hesabu. Wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Saa 13 kila siku, Jumapili ikiwemo, miezi sita, saba, nane mfululizo. Na nchi inayochagua ni ile ya bendera, yaani ile meli iliposajiliwa. Meli nyingi za aina hii zimesajiliwa Bahamas, Panama au Bermuda, hata pale ambapo ofisi kuu ziko Marekani.

Ndiyo maana naona shukrani ya kweli iguse saa za kulala. Acha bahashishi ilipo. Kwenye fomu ya maoni mwisho wa safari mtaje mhudumu wako kwa jina, maana wasimamizi huyasoma majina hayo wakati wa kupandisha watu vyeo. Halafu, kabla ya kulipia safari nyingine, iulize kampuni kwa maandishi: wahudumu wenu wanapata siku nzima ya kupumzika?

Mnaotetea kufuta, nijibuni hili. Ukishaifuta hiyo bahashishi, ni nani kwenye kampuni umewahi kumwandikia kuhusu mshahara wa aliyekutandikia kitanda?